Chumvi za Virunga Ndani ya Bia ya Baraka

Anayetaka kujipikia bia ya rangi ya kaharabu mjini Baraka ana deni la kulipa kwa volkano. Milima ya Virunga iliziba njia ya maji ya Ziwa Kivu kwenda kaskazini, ziwa likajaa, na yapata miaka 10,000 iliyopita likafurikia kusini kwa mto Ruzizi. Tangu hapo Ziwa Tanganyika, ambalo Baraka iko ufukweni mwake, linapokea chumvi za mawe ya volkano. Wabelgiji waliolichunguza ziwa hilo mwaka 1946 na 1947, wakiongozwa na Leloup, waliyapima maji hayo kwa makini. Yana pH karibu 9. Kila lita ina bikaboneti miligramu 400 hivi, magnesi kama 40, na kalsiamu 10 tu.

Katika kurekebisha maji ya bia, Ulaya walianza kwa kuiga. Bia ya Burton upon Trent ilisifika kwa sababu visima vyake vilijaa jasi, na mwaka 1878 mkemia Vincent alionyesha jinsi ya kuitia jasi hiyo katika maji ya miji mingine. Sørensen wa maabara ya Carlsberg alibuni kipimo cha pH mwaka 1909. Mwaka 1953 mtafiti wa bia Kolbach akafafanua jambo linaloihusu Baraka hasa: bikaboneti hupandisha pH ya uji wa kimea, kalsiamu na magnesi huishusha, ila magnesi kwa nusu ya nguvu ya kalsiamu.

Kimea kinataka pH ya 5.2 hadi 5.6. Mpishi wa maharage anajua magadi yanavyolainisha maganda. Vivyo hivyo, pH ikizidi hapo, maganda ya shayiri hutoa ukakasi unaoshika ulimi, na bia inageuka nyeusi kuliko ilivyokusudiwa. Kimea chekundu cha bia ya kaharabu kina uchachu wake, lakini hautoshi kulishinda ziwa hili.

Kuchemsha, dawa ya zamani ya maji ya chokaa, hapa hakufui dafu, maana kalsiamu ya kushuka chini na bikaboneti ni haba. Maji yachemshwe hata hivyo: kipindupindu hakijaihama pwani hii.

Mimi ningetegemea mabati. Maji ya mvua takriban hayana chumvi. Changanya lita 15 za mvua na 5 za ziwa, bikaboneti inabaki miligramu 100 kwa lita, kiasi ambacho kimea chekundu kinakimudu. Kisha tia gramu 5 za jasi safi ya chakula, kwa ajili ya kalsiamu.