Kumtafuta Manamba Mmoja Katika Karatasi za Mwingereza

Kwetu Nyanza-Lac familia yetu iliitwa Watanzania. Huku Nyarugusu tunaitwa Warundi. Kila upande unatusukumia upande wa pili. Ukiwauliza wa kule nyumbani sababu, wanakwambia baba yake bibi alikaa Tanganyika, akarudi anaongea Kiswahili kuliko Kirundi, kwa hiyo hao si wa hapa. Familia iliporudi kutoka ukimbizi wa 1972 na kukuta itongo letu lina watu wengine, neno hilo ndilo lililotupwa kwanza, kabla hata ya kuonyeshana mipaka ya shamba la michikichi. Mie nilikuwa mtoto, nikabaki na swali: huyu mzee alienda kufanya nini huko, na lini?

Bibi hana karatasi hata moja. Zilizokuwepo zilibaki 1972, ule mwaka ambao machafuko yalianza tarehe 29 Aprili kwetu ziwani, Rumonge na Nyanza-Lac, halafu jeshi likaua watu nchi nzima. Zilizopatikana baadaye zikapotea katika kukimbia kwingine. Alichobaki nacho ni maneno manne ya baba yake: manamba, mkonge, Liemba, na "vita ya Hitila". Basi nikaanzia hapo.

Watu wa mashirika wakisikia natafuta kwenye karatasi za Mwingereza wananiuliza: Burundi si ilikuwa ya Mbelgiji? Ni kweli. Wabelgiji waliingia Usumbura Juni 1916, wakaichukua Kigoma Julai, Tabora Septemba. Kigoma hawakuiachia haraka, walikaa mpaka Machi 1921 ndipo wakamkabidhi Mwingereza. Aliyegawa ni mabwana wawili waliokaa mezani huko Ulaya, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, tarehe 30 Mei 1919: Ruanda na Urundi kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza. Hata hapo hawakukata sawasawa. Bugufi, iliyokuwa ya Urundi, iliangukia upande wa Mwingereza, leo iko Ngara.

Kwa hiyo mtu wa Nyanza-Lac aliyebaki nyumbani, habari zake ziko kwa Mbelgiji, kwa Kifaransa. Lakini akipanda mtumbwi akashuka Kagunga au Kigoma, ameshaingia kwenye vitabu vya Mwingereza. Na watu walikuwa wanashuka. Reli ya Mjerumani ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na Mbelgiji mwenyewe alipewa sehemu yake pale bandarini, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Usumbura ipite kwa treni mpaka Dar es Salaam. Mpaka uliwekwa kwenye ramani, ila biashara yote ya ziwa ilipita juu yake.

Karatasi za serikali ya Uingereza zinatunzwa Kew, London. Zamani pakiitwa Public Record Office, tangu 2003 ni The National Archives. Orodha ya majalada unaweza kuisoma kwa simu bila kulipa. Karatasi zenyewe ni habari nyingine, nyingi hazijapigwa picha, ni lazima mtu aende au alipie nakala. Nilikuwa nafungua orodha usiku kwenye kituo chetu cha vijana, saa ambazo intaneti haigombaniwi. Kwa anayetaka kujaribu, haya nimeyaona: ukiandika Nyanza unaletewa Kisumu na majirani zake, maana Mwingereza alikuwa na jimbo lake la Nyanza huko Kenya. Ukiandika Burundi hupati kitu cha maana kabla ya 1962, inabidi uandike Ruanda-Urundi, au Urundi peke yake. Bujumbura ni Usumbura. Barua za Tanganyika kwenda London, za kuanzia 1916 mpaka 1951, ziko kwenye fungu linaloitwa CO 691. Mazungumzo na Ubelgiji utayakuta FO 371. Kuna na fungu la FCO 141, la faili ambazo Waingereza waliondoka nazo makoloni yalipopata uhuru wakazificha, zikaanza kufunguliwa 2012 baada ya wazee wa Mau Mau kuishtaki serikali ya Uingereza. Tanganyika imo pia.

Ukiandika jina la mzee wetu, hakuna kitu. Sifuri.

Hiyo sifuri ndiyo imenifundisha kuliko majalada yote. Fikiria karatasi ilivyokuwa inasafiri. Mtu anaajiriwa kwenda kukata mkonge. Anaandikishwa, anapewa namba, na kwa namba hiyo ndiyo anaitwa, ndiyo maana watu wale wakaitwa manamba. Shambani anapewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyofanya inawekwa alama, siku aliyougua haihesabiki, na mshahara unatoka kadi ikijaa. Jina lake liko kwenye kipande na kwenye daftari la karani wa shamba. Akipita bomani akilipa kodi, jina liko kwenye daftari la kodi na kwenye risiti mfukoni mwake. Baada ya hapo majina hayaendi mbele. Kinachoenda Dar es Salaam ni jumla: watu kadhaa kutoka wilaya fulani. Dar es Salaam inaandika ripoti, inapeleka London, na London ilitakiwa kila mwaka kupeleka ripoti ya Tanganyika kwenye Shirikisho la Mataifa kule Geneva, kwa sababu nchi ilikuwa ya kukabidhiwa tu. Kila ngazi karatasi inapopanda, mtu anapungua. Mzee wetu yumo Kew, nina hakika, lakini yumo kama moja ndani ya jumla.

Linganisha na mzungu. Mwaka 1915 Mwingereza alileta maboti mawili, Mimi na Toutou, kuja kupigana na Mjerumani kwenye ziwa letu. Yalishushwa Cape Town, yakaja kwa treni mpaka Katanga, yakavutwa porini na milimani, mpaka yakafika upande wa Kongo wa ziwa. Mkuu wao, Spicer-Simson, ana maandishi ya kutosha, na maafisa wake unaweza kuwasoma mmoja mmoja. Mamia ya Waafrika waliokata njia na kuvuta kamba wameandikwa kwa wingi, "wapagazi", basi. Hata Kariakoo ya Dar es Salaam, soko ambalo kila mtu analijua, ni jina la kikosi cha wapagazi wa vita hiyohiyo. Soko limebaki na jina, wao hawakubaki nalo.

Sasa nirudi kwenye maneno manne. Ukishajua kwamba jina halitapatikana, unaacha kutafuta mtu, unatafuta mazingira yake.

Liemba: meli hii Wajerumani waliiita Graf von Goetzen. Wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916 ili adui asiipate. Waingereza waliiinua 1924, wakaitengeneza, ikaanza kazi Mei 1927 kwa jina la Liemba. Kwa hiyo mtu anayesema aliikuta "Liemba" Kigoma hakupita pale kabla ya 1927.

Vita ya Hitila ni 1939 mpaka 1945. Hapa mkonge unaingia vizuri. Mwanzoni mwa 1942 Mjapani aliteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi, ambako dunia ilikuwa inapata katani na nyuzi za kamba. Ghafla Mwingereza akabaki na mkonge wa Afrika Mashariki. Meli za vita zinahitaji kamba. Tanganyika watu wakalazimishwa kwa sheria kwenda mashambani, na waajiri wakatafuta wengine kokote. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kukusanya wafanyakazi, SILABU, kilichochukua watu wa mbali sana, Waha na Warundi wakiwemo.

Kisha kuna bibi mwenyewe. Alizaliwa baada ya baba yake kurudi. Mwaka wake haujui, lakini Rwagasore alipopigwa risasi Usumbura, Oktoba 1961, alikuwa msichana aliyekaribia kuolewa. Tukisema miaka 15 au 16, amezaliwa kama 1945 au 1946. Basi mzee alikuwa kwenye mkonge katika miaka ya vita, na alikuwa amesharudi Nyanza-Lac karibu miaka 26 kabla ya 1972. Hakuzamia toka Tanganyika. Alikuwa mtu wa ziwani aliyekwenda kutafuta pesa, akarudi na blanketi na Kiswahili.

Wala hakuwa peke yake. Tanganyika iliweka Kamishna wa Kazi wa kwanza, Orde-Browne, mwaka 1926, kwa sababu watu wa kutembea kutafuta kazi walikuwa wengi mno kuachwa bila usimamizi. Upande wa Uganda, mtafiti Audrey Richards alitoa kitabu 1954 kuhusu wafanyakazi wahamiaji Buganda, na Warundi wamo, pamoja na Wanyarwanda. Nasema hivi kwa sababu humu kambini tunaongea kana kwamba Mrundi alianza kuvuka mpaka siku alipoanza kukimbia bunduki. Kuvuka ni kwa zamani. Kilichobadilika ni sababu, na karatasi unayopewa ukifika.

Je, hii itarudisha itongo? Hapana, na naomba mtu asiende kusimama mbele ya wazee wa kilima akiwa na namba ya jalada la London. Mwingereza hakuwahi kupima hata mguu mmoja wa ardhi ya Nyanza-Lac. Mkataba wa Arusha wa 2000 ulisema mkimbizi anayerudi apate mali yake, lakini itongo linathibitishwa na majirani, mipaka na waliozikwa pale. Letu mwishowe liligawanywa nusu kwa nusu, bibi akakubali kwa shingo upande. Nilichopata ni kidogo kuliko hicho: nikiitwa Mtanzania sasa najua la kujibu, na najua miaka.

Kuna kitu kingine, ndugu zangu mliopita Kagunga Mei 2015 mtanielewa. Tulikuwa makumi ya maelfu kwenye ule ufukwe mwembamba chini ya mlima, kipindupindu kimeingia, na meli iliyokuja kutuchukua, watu kama 600 kila safari, ilikuwa Liemba ileile. Pale Kigoma waliandika majina yetu, baadaye wakachukua alama za vidole. Sisi tumeandikwa kuliko mzee alivyoandikwa. Sijui kama mjukuu wa mjukuu wangu ataruhusiwa kusoma.

Tangu Januari vijana 9 wa kituo chetu wanapita kwa wazee na daftari. Hatuanzi na jina wala mwaka, wazee wengi mwaka wanaubahatisha ili kukuridhisha. Tunauliza: ulipanda meli gani, ulilipa kodi wapi, mshahara wa kwanza ulinunua nini, mfalme au rais alikuwa nani. Mzee mmoja wa zoni ya jirani alituletea kipande chake cha kweli, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni wa chumvi, namba bado inasomeka. Alama ni 22, siku nane zimebaki wazi. Anasema shamba hilo linamdai au analidai, mpaka leo hajaelewa.