Soksi za sufu wakati wa mgao wa nguo

Soksi iliyofumwa kwa mkono huanza kuchakaa kisiginoni na vidoleni. Waingereza walilijua hilo vizuri wakati wa Vita Kuu ya Pili. Viwanda na meli vilihitajika kwa vita, hivyo kuanzia Juni 1, 1941 serikali iliweka mgao wa nguo. Kila mtu alipata kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na suti moja ya mwanamume ilikula 26. Hata sufu ya kufumia ilidai kuponi. Pesa peke yake haikutosha kununua soksi.

Mwaka 1943 serikali ilitoa kijitabu kiitwacho Make Do and Mend, cha kufundisha kutunza nguo. Shauri lake: tililia sehemu iliyokonda kabla haijatoboka.

Ndani ya soksi waliweka kibao chenye umbo la uyoga. Walipitisha nyuzi za sufu sambamba, wakianzia penye ufumaji mzima, kisha wakazikatiza kwa nyuzi nyingine, juu na chini, kama mkeka. Uzi haukukazwa, maana ukikazwa hufanya nundu inayochubua mguu.

Mgao wa nguo uliisha Machi 1949, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukishafua soksi zako za buti, ziinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kisiginoni, shika sindano siku hiyohiyo. Nawe muuzaji, mpe mteja kipande cha uzi uleule, atakukumbuka.