Kabla ya Reli na Bomba Walikuwapo Madereva

Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia ya walowezi, Novemba 11, 1965, Zambia ilikuwa imetimiza mwaka mmoja na majuma machache tangu ipate uhuru wake, na riziki yake karibu yote ilipita mikononi mwa Rhodesia. Shaba ya Kitwe na Mufulira ilikwenda baharini kwa reli ya Rhodesia. Petroli na dizeli zilipanda kwa reli hiyohiyo kutoka kiwanda cha kusafisha mafuta cha Umtali. Mwezi uliofuata Uingereza iliiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, na Smith naye akaikatia Zambia mafuta.

Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilianza kubeba mapipa ya mafuta, lakini nchi nzima hailishwi kwa ndege. Njia kubwa iliyobaki ilikuwa ile ya kutoka Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma mpakani, kisha ikashika kusini-magharibi kuelekea Ukanda wa Shaba: zaidi ya kilomita 1,800, sehemu kubwa ikiwa vumbi wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa mvua. Malori yalijaa barabarani, ya kampuni za watu binafsi na ya Zambia-Tanzania Road Services, kampuni iliyoundwa mwaka 1966 na serikali hizo mbili kwa ubia na Waitaliano, ikiendesha magari ya Fiat yenye tela. Kwenda yalibeba mapipa ya mafuta ya lita 200 hivi kila moja. Kurudi yalibeba shaba. Haikuchukua muda barabara ikapachikwa jina la Njia ya Jehanamu.

Tunapoisimulia historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika tunaitaja reli ya TAZARA, na ni haki yake. Tunalitaja bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968. Lakini reli ilikabidhiwa mwaka 1976. Kwa karibu miaka mitatu kabla ya bomba, na kwa miaka kumi kabla ya reli, Zambia haikupiga magoti kwa sababu kulikuwa na madereva na utingo waliokubali kulala porini. Nasema hili bila kusita: hao nao ni wapiganaji, na majina yao hayakuandikwa popote.

Kilichowaweka hai ni wenzao. Gari likivunjika springi katikati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula mwaka 1967, hakukuwa na simu ya kupiga wala gari la kuvuta la kuita. Kulikuwa na lori litakalotokea nyuma, labda baada ya saa moja, labda kesho. Hapo ndipo ulipozaliwa ule utaratibu ambao kila dereva wa safari ndefu wa Tanzania ameurithi, kwamba humpiti mwenzako aliyekwama. Unasimama, unauliza. Ukiwa na mkanda wa feni wa ziada unampa, naye atakulipa siku mtakayokutana, au atamlipa mwingine. Ukiwa huna, unampelekea habari kwa tajiri wake, unamwachia maji na unga, na ukiweza unambeba yeye au utingo wake hadi mji wa mbele kutafuta kifaa. Anayebaki analala chini ya tela kulinda mzigo.

Matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani ni sehemu ya utaratibu huohuo. Msafiri wa leo akiyaona hupunguza mwendo bila kufikiri, kwa sababu anajua kuwa mbele kuna gari limesimama. Hakuna anayemlazimisha dereva aliyechoka, mwenye grisi hadi viwikoni, kuingia porini kukata majani na kuyapanga hatua nyingi nyuma ya gari lake. Anafanya hivyo kwa ajili ya mtu asiyemjua. Taa nazo zina maneno yake: indiketa inayomwambia wa nyuma kuwa njia ni nyeupe apite, taa kubwa zinazowashwa na kuzimwa kumwonya anayekuja kuwa mbele kuna hatari, au kuna trafiki. Huwezi kupita gari refu mlimani kama humwamini aliye mbele yako, na anayedanganya kwa taa anaweza kuua.

Mahali ambapo udugu huu ulijaribiwa kuliko kwingine ni Kitonga. Anayetoka Dar es Salaam hutoka kwenye bonde la mibuyu akaanza kupanda ukingo wa milima kuelekea Iringa, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Anayepanda huhofia injini kuchemka. Anayeshuka na tani za shaba mgongoni huhofia breki. Kwa anayepanda, utingo ndiye aliyekuwa bima: alishuka akatembea kando ya gari akiwa na kabari ya mti mkononi, gari likishindwa tu anaitupa nyuma ya tairi kabla tani zote hazijaanza kurudi. Kazi hiyo ilikuwa na malipo madogo na ilikatisha maisha ya vijana wengi, lakini ndiyo iliyokuwa chuo. Aliyejifunza kusikiliza injini akitembea kwa miguu, akijua kwa mlio kuwa dereva amekosa gia, siku moja alikabidhiwa usukani.

Lami ilipofika Tunduma mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha nyingi za Wamarekani na Benki ya Dunia, safari ilifupika. Miji ilikua kwa kufuata mahali madereva walipopumzika: Mikumi, Makambako, Tunduma yenyewe. Mama lishe walimjua dereva kwa jina na kwa namba ya gari, walimkopesha chakula, walimtunzia ujumbe. Miji hiyohiyo ndiko UKIMWI ulikopiga kambi katika miaka ya 1980 na 1990. Dereva aliyekaa mbali na nyumbani majuma kadhaa aligeuzwa kuwa chanzo cha balaa na watu ambao hawakuwahi kujiuliza kwa nini mzigo wake ulikwama mpakani siku zote hizo. Wenzake ndio waliochanga fedha za kusafirisha maiti na kurudisha mali kwa familia.

Lawama kama hiyo ilirudi Mei 2020. Corona ilipoingia Nakonde, upande wa pili wa mpaka wa Tunduma, Zambia ilifunga mpaka kwa siku kadhaa, na malori yakajipanga Tunduma mstari usioisha. Kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa Oktoba 2019 ili kumaliza foleni hizo, kilikuwa hata hakijafikisha mwaka. Watu waliowategemea madereva kwa mafuta, dawa na unga waliwaogopa kama ugonjwa wenyewe.

Siku hizi wengi huvuka Zambia na kuendelea hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, kisha Lubumbashi na Kolwezi, ambako Kiswahili huwapokea tena baada ya siku nyingi za Kibemba. Hatari nazo zimehamia Kongo. Septemba 2016 waasi waliwateka madereva wa Tanzania huko Kivu Kusini na kuchoma moto baadhi ya malori, hadi jeshi la Kongo lilipowaokoa. Habari za namna hiyo sasa husafiri kwa sauti zilizorekodiwa kwenye makundi ya WhatsApp: wapi daraja limekatika, wapi foleni imesimama, nani amepotea na gari lake lilionekana wapi mara ya mwisho. Ile kazi ya kupeleka habari kwa mdomo kutoka kituo hadi kituo haikufa.

Mshikamano huo uliwahi kuonekana hata kwa wasiosafiri. Aprili 10, 2015, madereva wa mabasi na malori nchini waliegesha magari. Katika kituo cha mabasi cha Ubungo, Dar es Salaam, abiria walikwama na mizigo yao, polisi wakarusha mabomu ya machozi, na kabla siku haijaisha serikali ililegeza sharti la kumtaka dereva arudi darasani kwa gharama yake kila anapohuisha leseni. Mwezi uliofuata wakagoma tena, kwa sababu dai lililokuwa zito zaidi lilibaki pale pale: mkataba wa ajira. Walitaka karatasi inayotaja mshahara, bima na nani atamtibu dereva akiumia Kitonga au Kasumbalesa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda kamati. Miaka mingi imepita, na bado wapo wanaotoka bandarini wakipita mzani wa Vigwaza na ule wa Mikumi, na mfukoni wana posho ya safari tu.