Ardhi Isiyorudi: Wageni na Mashamba ya Kisarawe na Kibaha

Kwa mila za Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe na Kibaha katika Mkoa wa Pwani, Tanzania, ardhi haikuwa bidhaa ya kuuzwa, bali kilichokuwa na mwenyewe hasa ni mti uliopandwa juu yake, uwe mnazi, mwembe au mkorosho, na ndiyo maana mgeni aliyekaribishwa aliweza kupewa mahali pa kulima mpunga au muhogo lakini akazuiwa kupanda mti wa kudumu, ambao ungewapa watoto wake madai yasiyokwisha. Mgeni kwa maana hiyo hakuwa lazima mtu wa ng'ambo. Alikuwa yeyote asiye wa ukoo.

Dola ya Wajerumani iliupindua utaratibu huo kwa amri ya mwaka 1895, iliyotangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Kwa jicho la mtawala, shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba lilionekana kuwa pori tupu. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1923, waliiweka ardhi chini ya gavana, na walipopendekeza mwaka 1958 kuruhusu umilikaji wa moja kwa moja unaoweza kuuzwa, Julius Nyerere aliupinga katika andiko lake "Mali ya Taifa", akihofia kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa, wenye fedha, wengi wao wageni, wataichukua na wenyeji watabaki wapangaji. Mwaka 1963 hati za umilikaji wa kudumu zilibadilishwa kuwa za ukodishaji wa miaka 99.

Hofu hiyo, hata hivyo, haikuwa chuki dhidi ya wageni. Mwaka huohuo wa 1963, nchi za Nordiki, zikiwamo Sweden, Norway, Denmark na Finland, zilianzisha Kibaha kituo chenye shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima, na mwaka 1970 zikakikabidhi kwa Serikali, kikawa Shirika la Elimu Kibaha, ambalo wenyeji wanalihesabu kuwa lao.

Kisarawe mambo yalikwenda vingine. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 humkataza asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na ardhi ya kijiji, yaani ile inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, haina budi kuhamishwa kwanza iwe ardhi ya jumla, iliyo chini ya Serikali. Kwa njia hiyo kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata takriban hekta 8,200 zilizotoka katika vijiji 11, kikiwamo Mhaga, ili ipande mibono, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kuendeshea mitambo. Wanakijiji waliahidiwa fidia, ajira, visima, zahanati na barabara. Walichoacha ni misitu iliyowapa kuni, mkaa na dawa. Mwaka 2011 kampuni ilifilisika, vibarua wakaachishwa kazi, na shamba likauzwa kwa mwekezaji mwingine badala ya kurejeshwa vijijini, kwa kuwa sheria inasema haki ya mwekezaji wa nje ikikoma, ardhi huenda kwa taasisi ya uwekezaji ya Serikali au mamlaka nyingine iliyotajwa na waziri, si kwa kijiji.

Hapo ndipo penye dosari, wala si katika uraia wa mkodishaji. Bunge liirekebishe sheria hiyo ili ardhi iliyotoka kijijini irudi kijijini mradi unapokufa.