Chikungunya: Jina Lililotoka kwa Majirani Zetu



Katika Kiswahili cha pwani mwili wa mtu huitwa maungo, na neno hilo linatokana na kuunga. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuuona mwili kuwa ni kipande kimoja, bali ni vitu vilivyoungwa vikashikana. Leo tunapenda kueleza historia ya maradhi yanayompiga mtu pale pale palipoungwa. Jina la maradhi hayo lilitoka huku kwetu, kando ya mto Ruvuma, likaenda mpaka India na Marekani, na wengi wetu tulioko Palma, Quionga na Mocímboa da Praia hulisikia redioni tukadhani ni neno la Kizungu.

MWAKA 1952

Mwaka 1952, katika nyanda za juu za Wamakonde upande wa Tanganyika, wilaya ya Newala na jirani zake, watu walianza kushikwa ghafla na homa kali. Homa si jambo geni katika nchi zetu. Kilichokuwa kigeni ni maumivu ya viungo, maumivu ambayo yalimfanya mtu ashindwe kunyoosha mikono na miguu, akabaki amejikunja. Daktari Marion Robinson aliyachunguza maradhi hayo kwa wagonjwa na kuandika dalili zake. Mtafiti W. H. R. Lumsden, kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alieleza namna yalivyoenea. Makala zao zilitoka mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross akaeleza kirusi chenyewe, ambacho kilipatikana katika damu ya wagonjwa na katika mbu.

Wataalamu hao wangeweza kuyapa maradhi jina la wilaya, kama ilivyo desturi yao, au jina la mmoja wao. Lakini wenyeji walikuwa wameshayapa jina, nalo ndilo lililobaki: chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Vitabu vingi vya nje vimeandika kuwa ni neno la Kiswahili. Si kweli. Ni neno la Kimakonde, lugha inayosemwa ng'ambo zote mbili za Ruvuma, Newala kule na Mueda huku. Tunalitaja hili kwa sababu katika vyuo vyetu watoto wa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili hukaa mkeka mmoja, na ni vizuri mtoto wa Kimakonde ajue kuwa madaktari wa dunia nzima wanatumia neno la bibi yake.

Tena si jina la kubahatisha. Ili tuone lilivyo sahihi, hatuna budi kwanza tujue kiungo kinafanyaje kazi.

KIUNGO NI NINI

Mtoto huzaliwa na vipande vya mifupa karibu 300, vingi bado ni laini, na kadiri anavyokua vingine huungana mpaka akifika utu uzima huwa na mifupa 206. Sasa tazama mgawanyo wake. Kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Kila unyayo, pamoja na kifundo chake, una mifupa 26. Ukijumlisha viwili viwili unapata 106, yaani zaidi ya nusu ya mifupa yote ya mwili imo katika mikono na nyayo! Penye mifupa mingi midogo ndipo penye viungo vingi, na ndiyo maana mkono unaweza kushika kalamu, kushona wavu na kukuna nazi.

Pale mifupa miwili inapokutana, haigusani mifupa mitupu. Ncha ya kila mmoja imevikwa gegedu, kitu laini, cheupe na chenye utelezi, kama kile tunachokiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Kiungo chote kimezungushiwa mfuko mgumu, na kano hufunga mfupa kwa mfupa ili usichomoke. Ndani ya mfuko huo upo utando mwembamba unaotoa ute, na ute huo ndio mafuta ya kiungo.

Jambo ambalo wanafunzi wetu hulistaajabia zaidi ni hili: gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Basi linakula nini? Linakula ute. Kiungo kinapobanwa, gegedu hukamuka kama sifongo, na kinapoachiwa hunywa tena ute wenye chakula. Kwa hiyo kiungo hulishwa kwa kutembezwa, na kikikaa muda mrefu bila kutikiswa hudhoofika.

Utando ule wa ndani, kinyume na gegedu, una damu nyingi, na pamoja na mfuko unaouzunguka una hisia kali. Hapo ndipo kirusi cha chikungunya hufikia kikiletwa na damu. Kinga ya mwili huja kupigana nacho, utando unavimba, na ute huzidi kuliko kawaida. Mfuko uliojaa hivyo unauma kwa sababu umevutwa. Na mfuko wa kiungo una nafasi kubwa zaidi kiungo kinapokuwa kimekunjwa kidogo kuliko kinaponyooshwa. Goti lililovimba, kwa mfano, hutulia likikunjwa nusu, ukilinyoosha unapandisha shinikizo la ndani na maumivu huzidi. Kwa hivyo mgonjwa hajikunji kwa udhaifu wala kwa kudeka. Anatafuta pale ambapo mfuko utapata nafasi.

Wamakonde hawakuwa na vyombo vya kupimia shinikizo la goti. Walimwangalia mtu, wakataja walichokiona, na walichokiona ndicho hasa kinachotokea ndani.

VIUNGO NA SALA

Wasomaji wengi wanaikumbuka hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kuwa mwanadamu ameumbwa na viungo 360. Wapo wanaohangaika kuzipatanisha hesabu. Sisi hatuoni haja ya mashindano hayo, kwani hata wataalamu wa mwili hutofautiana katika nini kihesabiwe kuwa ni kiungo, na makusudio ya hadithi ni kuhimiza shukrani na sadaka ya kila siku kwa kila kiungo.

Linalotugusa zaidi katika maradhi haya ni sijda. Tumeamrishwa kusujudu juu ya mifupa saba: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili na ncha za vidole vya miguu. Chikungunya hupenda vifundo vya mikono, vidole, magoti na vifundo vya miguu. Ukiondoa paji la uso, ni kama yamefuata orodha ile ile. Mzee aliyepona homa wiki tatu zilizopita anaweza akawa bado hawezi kuweka kiganja chini, na anaona haya kukaa kwenye kiti msikitini mbele ya vijana wanaomwona anatembea. Asione haya. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Imran bin Husayn (r.a.), aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Na kijana anayemcheka mzee kama huyo afundishwe habari ya mfuko wa kiungo.

KIDINGAPOPO CHA ZANZIBAR

Je, maradhi haya yalianza 1952? Hapana, hapo yalipata jina la kitabuni tu. Mwaka 1870 daktari wa Kiskoti, James Christie, alikuwa akifanya kazi Zanzibar maradhi ya homa na viungo yalipoupiga mji. Watu wa mji waliyaita kidingapopo, Christie akaliandika kwa masikio yake "kidinga pepo". Wazee wakamwambia kuwa si mageni, waliwahi kuyaona miaka mingi nyuma, karibu mwaka 1823, na wakayatambua kwa dalili zake. Tazama basi kumbukumbu hiyo: karibu nusu karne, bila daftari la hospitali.

Kutoka Zanzibar maradhi yalifuata njia za biashara hadi Aden, kisha India. Madaktari wakati huo waliyahesabu kuwa ni dengue, na wapo wanaosema hata neno dengue lenyewe limetokana na hilo dinga letu, ingawa jambo hilo lina mabishano. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alizisoma upya habari hizo, akaonyesha kuwa maelezo ya 1823 na 1870 yanafanana zaidi na chikungunya. Hoja yake kubwa ilikuwa ni viungo. Dengue huvunja mtu mwili mzima, lakini ikiondoka kwa kawaida huondoka na maumivu yake. Kidingapopo cha Zanzibar kilimwacha mtu na maumivu ya viungo yaliyodumu baada ya homa kwisha. Leo hii kidingapopo kwa Kiswahili ni dengue, na maradhi yaliyokuwa na jina hilo zamani huenda ndiyo chikungunya.

LAMU NA BAADA YAKE

Mwaka 2004 maradhi yalizuka Lamu. Ilikadiriwa kuwa watu 13,500 waliambukizwa, yaani robo tatu ya watu wa kisiwa. Mwaka huo huo yakafika Mombasa, mwaka 2005 yakawa Ngazija, na mwaka 2005 na 2006 yakaipiga Réunion ambako watu wapatao 266,000 waliugua, kiasi cha theluthi ya wakazi. India nayo ikahesabu wagonjwa zaidi ya milioni moja. Mwishoni mwa 2013 yakavuka bahari nyingine, yakaingia visiwa vya Karibiani.

Watu hudhani maradhi ya mbu huja na mvua. Lamu mwaka 2004 ilikuwa na ukame. Na nyanda za Wamakonde zinajulikana kwa uhaba wa maji, mwaka 1952 wanawake waliyafuata mbali mabondeni, wakayaweka ndani ya nyumba katika vyungu. Maji yakiwa adimu, watu huyahifadhi, na mbu anayebeba chikungunya anapenda maji masafi yaliyotulia nyumbani kuliko dimbwi la njiani. Ni mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mayai yake huyagandisha kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Kwa hivyo kumwaga maji hakutoshi, pipa lisuguliwe ndani kwa brashi, kisha lifunikwe.

Kwetu Cabo Delgado jambo hili si la mbali. Mwaka 2014 dengue, inayobebwa na mbu huyo huyo, ilizuka Pemba na Nampula. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na zaidi baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, maelfu ya familia zimeishi kambini au kwa jamaa, na popote palipo na watu wengi na bomba moja kuna madumu na mapipa mlangoni.

Mtu akishikwa na homa kwanza apimwe malaria, maana malaria huua haraka na dawa yake ipo. Vipimo vikionyesha hana malaria, na vifundo vimevimba, amwambie mganga wa hospitali habari ya viungo, asiishie kusema homa. Asinywe aspirini kabla ya kujulikana kuwa si dengue, kwa hofu ya kutoka damu. Chikungunya huua mara chache, hatari ikiwa zaidi kwa wazee na watoto wachanga, na wengi hupona baada ya siku au wiki. Wengine maumivu hukaa miezi, hata miaka, yakipanda na kushuka. Hao ndio jirani huwaambia wamerogwa. Viungo vyao vinyooshwe taratibu kila siku, kwa kadiri wanavyoweza kuvumilia, kwa sababu gegedu halina njia nyingine ya kupata chakula.