Usikilize na upande wa pili



Wanasheria wana msemo wa Kilatini wenye maneno matatu: audi alteram partem. Audi maana yake sikiliza, alteram, wa pili, partem, upande. Asihukumiwe mtu kabla hajasikilizwa.

Wazo hili ni la kale. Gavana Festo, alipotakiwa kumhukumu Paulo, alijibu kwamba Warumi hawana desturi ya kumtoa mtu kabla hajakabiliana na washtaki wake na kupewa nafasi ya kujitetea (Mdo 25:16). Nikodemo naye aliwakumbusha Mafarisayo kwamba Torati haimhukumu mtu bila kumsikiliza kwanza (Yn 7:51).

Katika karne ya 12, wataalamu wa sheria za Kanisa walitafuta chanzo chake mbali zaidi. Yapata mwaka 1150, Paucapalea, mfuasi wa Gratian wa Bologna, aliandika kwamba utaratibu wa mashauri ulianzia katika bustani ya Edeni. Mungu alimwita Adamu, akamwuliza, na Adamu akajitetea kwa kumtaja mkewe (Mwa 3:9-12).

Hoja hiyo haikufa. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua Richard Bentley shahada zake bila kumsikiliza. Shauri lilipofika mahakamani mwaka 1723, jaji Fortescue alisema kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajitetee. Bentley akarudishiwa shahada zake. Kwa njia ya sheria za Kiingereza kanuni hiyo ilifika pia kwetu. Leo Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), inadai kila mtu asikilizwe kwa ukamilifu.

Tuangalie basi jumuiya zetu. Mweka hazina anasemwa kuwa amekula michango. Kabla hajafungua daftari lake, jina lake limekwisha kuvunjika kisimani na sokoni, na watoto wake wanaonyoshewa vidole. Nani alimwuliza?

Kumsikiliza mtu si kumfutia kosa. Adamu alisikilizwa, na bado aliadhibiwa. Lakini Mungu, ajuaye yote, aliuliza kwanza. Sisi tujuao nusu ya habari, tena ya kuambiwa, twapata wapi ujasiri wa kuhukumu bila kuuliza?

Juma hili, kabla ya kulipokea neno baya juu ya jirani, twende kwake tumsikilize. Mungu atujalie masikio ya haki. Amina.