Chui wanawake wa Kongo: mara nne Afrika, na mlango uliofungwa mwaka 1998

Mwezi wa 10 mwaka 1998, wakati familia nyingi za Fizi zilikuwa zimekimbilia milimani ama zimevuka ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma, timu ya taifa ya wanawake ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa Nijeria ikicheza kombe la Afrika. Vita vilivyoanza tarehe 2 Agosti mwaka huo vilikuwa havijamaliza miezi mitatu. Mwenye redio na betri alitafuta kwanza kujua njia ipi iko wazi na kijiji kipi kimechomwa. Si ajabu basi kama watu wengi wa Baraka, Mboko ama Nundu hawakuwahi kusikia kwamba wasichana wa nchi yao walirudi kutoka Nijeria na nafasi ya tatu ya Afrika nzima.

Nafasi hiyo haijapatikana tena hadi leo.

Kabla ya 1998, kandanda ya wanawake Afrika haikuwa na mashindano ya pamoja katika nchi moja. Mwaka 1991 na 1995, timu zilichezeana nyumbani na ugenini, na mshindi mmoja tu ndiye alikwenda kombe la dunia. Mara zote mbili mshindi huyo alikuwa Nijeria. Mwaka 1998 mambo yakabadilika: timu zilikusanyika Nijeria, na Afrika ikapewa tiketi mbili za kombe la dunia la 1999 nchini Marekani. Aliyefika fainali alikuwa tayari amepata tiketi.

Wakongomani walifika nusu fainali. Mechi moja tu ilibaki kati yao na Marekani. Lakini Ghana iliwashinda, ikaenda fainali na Nijeria, na tiketi zote mbili zikachukuliwa na hao wawili. Kongo ilibaki kugombea nafasi ya tatu na Kameruni. Mechi iliisha 3 kwa 3, na Kongo ikashinda kwa penati.

Timu hiyo ilirudi katika nchi iliyogawanyika, ambapo mtu hakuweza kutoka Kivu kwenda Kinshasa bila kuvuka mstari wa vita. Kwa upande wa Fizi, mwaka uliisha vibaya zaidi. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya raia waliuawa Makobola. Kwa watu wa hapa, 1998 ni mwaka wa Makobola. Ila katika kitabu cha mpira wa wanawake wa Kongo, ni mwaka bora kuliko yote. Nchi ni moja, na miezi ni ileile.

Baada ya hapo Chui wanawake walitoweka kwenye kombe la Afrika kwa miaka 8. Walirudi mwaka 2006, tena Nijeria. Mashindano yalianza tarehe 28 Oktoba, siku moja kabla ya raundi ya pili ya uchaguzi wa rais, kwa hiyo safari hii pia macho ya Wakongomani yalikuwa kwingine. Walipangwa kundi moja na Ghana, Kameruni na Mali, na hawakuvuka kundi.

Lakini mwaka huohuo wa 2006 kulikuwa na habari nyingine, na hiyo ilihusu wadogo zao. Wasichana wa Kongo wenye umri chini ya miaka 20 walikwenda Urusi kwenye kombe la dunia la vijana. Walikutana na Marekani, Ufaransa na Argentina. Miaka miwili baadaye, mwaka 2008, vijana wa Kongo walikwenda tena, mara hii Chile, katika kundi la Ujerumani, Japani na Kanada. Mara zote mbili walitoka mapema. Hata hivyo, hao ndio waliofikisha bendera ya Kongo kwenye kombe la dunia la wanawake, jambo ambalo dada zao wakubwa hawajaliweza. Na tukihesabu miaka, msichana aliyecheza Urusi mwaka 2006 alikuwa na miaka isiyozidi 12 wakati vita vya 1998 vilipoanza. Alijifunza mpira vita vikiendelea.

Kizazi hicho kingeweza kujenga timu kubwa. Timu ya wakubwa ilirudi kombe la Afrika mwaka 2012 nchini Guinea ya Ikweta, ikaangukia kundi gumu kupita yote: wenyeji Guinea ya Ikweta na Afrika Kusini, ambao wote wawili walifika fainali, pamoja na Senegali. Kongo iliishia kwenye kundi. Mashindano yalifungwa tarehe 11 Novemba. Siku tisa baadaye, tarehe 20 Novemba 2012, mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23.

Kisha kimya tena, miaka 13.

Kilichofungua njia upya ni kazi ya vilabu, na mfano mkubwa uko Lubumbashi. Tarehe 23 Novemba 2024, wanawake wa TP Mazembe waliishinda AS FAR ya Moroko, kwenye ardhi ya Moroko, bao 1 kwa 0, wakachukua kombe la mabingwa wa vilabu vya Afrika. Timu ya taifa nayo ilikuwa imepata nafasi kwenye kombe la Afrika la 2024, ambalo lilisogezwa na kuchezwa Julai 2025 nchini Moroko.

Mwaka huo Goma ilikuwa imechukuliwa mwezi wa kwanza, na Bukavu mwezi wa pili. Familia nyingi za Kivu zilikuwa zimehama, nyingine kwa mara ya tatu ama ya nne maishani. Katika hali hiyo Kongo ilicheza mechi tatu na kupoteza zote: 4 kwa 0 mbele ya Senegali, 4 kwa 2 mbele ya Moroko, na 1 kwa 0 mbele ya Zambia. Ukiangalia namba tu, ni aibu. Lakini timu zote tatu zilizowafunga zilifika robo fainali, na Moroko ilifika fainali. Tena katika mechi ya mwisho, Zambia ilipata bao moja tu. Kongo ilianza kwa kufungwa manne, ikamaliza kwa kufungwa moja.

Jumla, basi, ni hii: mara nne kwenye kombe la Afrika, 1998, 2006, 2012 na 2025, nafasi ya tatu mara moja, kombe la dunia la wakubwa, hata mara moja. Wanaume wa nchi hii walifika kombe la dunia tangu 1974.

Kati ya safari moja na nyingine zinapita miaka 8, 6, kisha 13. Mchezaji mwenye miaka 20 leo, akisubiri miaka 13, atarudi na miaka 33. Ndiyo maana kila mara Kongo imekuwa kama timu inayoanza upya, wakati Nijeria na Ghana zilikuwa zikirithishana mchezo kutoka dada hadi mdogo.

Kwa msichana anayecheza kwenye mchanga wa Baraka, jioni, baada ya kuteka maji, njia ya kufika timu hiyo bado ni ndefu: mtumbwi wa injini hadi Kalemie, halafu barabara hadi Lubumbashi, na mzazi anayekubali. Anayecheza kambini Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, njia yake ni ndefu zaidi. Wale wa 1998 hawakuwa na njia fupi, na walibakiza mechi moja.